Mashine Iliyosahau Tarehe



Katika ofisi ndogo ya katekesi ya parokia yetu, hapa Kolwezi, mna kompyuta ambayo ukubwa wake haupiti ule wa Misale ya altareni. Vitabu huiita kompyuta, ninyi mnaiita ordinatere, na fundi wetu huiita mashine tu. Nasi tutafuata desturi ya fundi. Ilitengenezwa kwa ajili ya ofisi za Ulaya, ikatumika huko miaka kadhaa, ikauzwa kama kitu kikuukuu, ikafika Lubumbashi, na hatimaye ikafika kwetu kwa fedha za mchango wenu wenyewe. Ndani yake mmeandikwa majina ya wakatekumeni, matangazo ya ndoa, nyimbo za kwaya, na orodha ya wale wanaojiandaa kupokea Kipaimara. Tunataka kuwaeleza jinsi mashine hiyo ilivyougua mwezi wa Oktoba uliopita, jinsi ilivyotengenezwa, na jinsi sisi tulivyomshitaki mwenzenu mmoja kwa ugonjwa ambao hakuuleta.

Mashine za namna hii zina sababu ya kupendwa. Hazichukui nafasi mezani, wala hazili umeme mwingi: yetu hulishwa na kisanduku cha nje cha wati 65, wakati kompyuta kubwa za zamani zilifungiwa visanduku vya wati 250 au 300. Kwa parokia inayotegemea betri za jua kila mara umeme wa mji unapokatika, tofauti hiyo si ndogo. Lakini udogo nao una gharama yake. Ndani ya kompyuta kubwa hewa hutembea kama mtu katika uwanja. Ndani ya hii ndogo hupita kama mtu katika mlango wa kuku. Joto lote la prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine, hupanda katika kipande cha shaba chenye mapezi membamba, na feni moja ndogo hupuliza kati ya mapezi hayo ili kulitoa nje. Mapezi yakizibika, hakuna njia nyingine.

Na ninyi mnalijua vumbi la Kolwezi. Kuanzia Mei hadi Septemba hatuoni mvua, na malori ya madini hupita usiku na mchana. Vumbi jekundu huingia katika sahani, katika nguo za Misa zilizofungiwa kabatini, katika mapafu ya watoto. Hatukufikiri kwamba linaingia pia katika mashine. Tuliifunika kitambaa kizuri kilichodariziwa na kina mama, tukaona kwamba tumeitunza. Baadaye fundi alitueleza kwamba mara nyingine tuliiacha kitambaa juu hali inafanya kazi, na kwamba hilo ni sawa na kumfunika blanketi mtu mwenye homa.

Tangu mwisho wa Septemba mashine ilianza kuzimika yenyewe. Ilikuwa ikiwaka, ikifanya kazi nusu saa, kisha kioo kinakuwa cheusi ghafla. Tuliiwasha tena, tukanung'unika, tukaendelea. Kijana mmoja wa Kizito-Anuarite, mwenye umri wa miaka 18, alikuwa akitusaidia kuandika majina baada ya shule. Alituambia mara mbili: «Mwalimu, mashine inapuliza sana. Inalia.» Mara zote mbili tulimjibu aendelee kuandika, kwa maana orodha ilikuwa ikingojwa na Baba Paroko.

Kisha ikaja mvua ya kwanza. Ilikuwa Jumapili jioni, na radi za Oktoba katika nchi yetu hazihitaji kuelezwa. Kijana huyo alikuwa peke yake ofisini. Alikuwa amechomeka fleshi yake ili kupakia nyimbo za kwaya. Ngurumo zilipoanza, aliizima mashine kwa utaratibu, akachomoa waya ukutani, akafunga mlango, akaenda kwao. Jumatatu asubuhi tulichomeka waya, tukabonyeza kitufe, na badala ya picha tuliyoizoea tukaona maandishi meupe juu ya kioo cheusi: saa haikupangwa, diski haikuonekana. Tarehe iliyoandikwa pale ilikuwa 1 Januari 2014.

Hatukuhitaji dakika mbili ili kutoa hukumu. Nani aliitumia mwisho? Yeye. Alichomeka nini? Fleshi. Fleshi huleta nini? Virusi. Hesabu ilitimia. Jumamosi iliyofuata, mbele ya kundi zima, tulisema kwamba mtu mmoja ameharibu mali ya parokia kwa vitu vyake vya mtaani. Na kwa kuwa kila mmoja aligeuza macho kumtazama, ilikuwa sawa na kulitaja jina lake. Alisimama akasema maneno machache tu: «Mwalimu, mimi nilifuata karatasi.» Tulimwambia akae. Somo la siku hiyo lilikuwa Amri ya Nane. Tunaliandika hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wengi wenu mlikuwapo. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile ya baada yake.

Wakati huo siku za kupeleka orodha ya Kipaimara zilikuwa zinakaribia, nasi tulimwomba msaada fundi mmoja anayetengeneza simu karibu na soko, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wetu. Alikuja na mfuko mdogo: bisibisi, brashi ya kupakia rangi, chupa ya spiriti, mita ya kupimia umeme. Sisi tulianza kumweleza habari za virusi. Alitusikiliza kwa heshima mpaka tulipomaliza, halafu akauliza: «Mwalimu, kabla ya siku ile ilikuwa inafanya nini?»

Sisi tulisomea ualimu, na tumekaa darasani zaidi ya miaka 25. Tumewafundisha walimu vijana kwamba mtoto asiyesoma vizuri asiitwe mvivu kabla ya kujua kama anaona ubaoni, kama amekula, kama kiti chake kiko mbali. Swali la fundi lilikuwa ndilo lile tulilowafundisha wengine, nasi hatukuwa tumelijiuliza. Tukamweleza habari ya kuzimika, na kwa sauti ndogo zaidi, habari ya kupuliza.

Hakuiwasha mashine. Alisema kwamba kitu cha kwanza ni majina, si chuma, kwa maana chuma hununuliwa. Akafungua skrubu moja nyuma, akasukuma kifuniko, akagusa kwanza bati la mashine ili mwili wake usiwe na umeme wa msuguano, kisha akaitoa diski na kuiunganisha kwa waya na kompyuta yake mwenyewe. Aliisoma bila kuandika kitu juu yake. Kunakili kulichukua muda mrefu, kwa sababu kuna mahali ambapo diski ilikuwa inasita, ikirudia, ikisita tena. Orodha ya Kipaimara ilipatikana nzima. Nyimbo mbili za Majilio hazikupatikana, nazo tumezipiga chapa upya kutoka katika daftari la mwalimu wa kwaya.

Baada ya hapo akatuonyesha kitu bapa na cha mviringo kama sarafu, kimelala juu ya ubao mkuu wa mashine. Ni betri, aina ya CR2032, ileile inayotiwa katika funguo za magari. Ikiwa mpya hutoa volti 3. Aliipima mbele yetu, ikatoa 2,1. Kazi yake ni ndogo lakini ni ya pekee: mashine inapokuwa haina umeme wowote, betri hiyo ndiyo inayoitunzia saa na mipangilio yake ya mwanzo, pamoja na ule mpangilio unaoiambia mashine kwa njia gani iisome diski. Betri ikifa, mashine huamka kama mtu aliyepigwa kichwani: haijui siku, na haijui chakula kimewekwa wapi.

Tukamuuliza kwa nini basi haikusahau siku nyingine, maana betri haifi kwa usiku mmoja. Akauliza kama mashine huwa inachomolewa ukutani. Hapo ndipo tulipoanza kuona. Mashine iliyochomekwa, hata ikiwa imezimwa, hupokea umeme kidogo ambao unatosha kuitunza saa, betri haiguswi. Na ofisi yetu imeunganishwa na betri za jua za nyumba ya mapadri, kwa hiyo hata umeme wa mji ukikatika mashine yetu haikosi kitu. Huenda betri ile ndogo ilikuwa imekufa miezi mingi, na hakuna aliyejua, kwa sababu wakati wote wa kiangazi hakuna aliyeuchomoa waya. Siku ya mvua ya kwanza aliuchomoa mtu mmoja. Ukutani, juu ya meza, kuna karatasi yenye mwandiko wetu sisi wenyewe, na mstari wake wa tatu unasema kwamba radi ikianza, mtumiaji aizime mashine na achomoe waya. Fundi aliisoma, hakusema neno. Virusi, alituambia baadaye, haviirudishi tarehe ya mashine katika mwaka 2014.

Alitia betri mpya, akaipanga saa, akarudisha mpangilio wa diski. Mashine ikawaka. Sisi tulisimama tukitaka kumshukuru na kumlipa, lakini yeye alikataa kuinuka. «Mwalimu, tumejua kwa nini ilisahau. Hatujajua kwa nini ilikuwa inazimika.» Mtu mwenye haraka kama sisi angeondoka na ugonjwa wa pili ndani ya mfuko. Aliifunika, akaipa kazi nzito ya kufanya, akakaa kimya akiisikiliza. Feni ilianza kupuliza, ikazidi, ikalia kama mdudu ndani ya chupa. Na baada ya dakika ishirini na kitu, giza. Hiyo si hitilafu, alisema. Prosesa imetengenezwa ijizime yenyewe joto likipita kiasi, ili isiungue. Mashine ilikuwa inajiokoa.

Alipoing'oa feni tuliona kati ya mapezi ya shaba utando mzito, mwekundu, kama kipande cha blanketi kilichokatwa kwa kipimo. Aliusugua kwa brashi, akapuliza hewa huku ameizuia feni kwa kidole isizunguke ovyo. Kati ya prosesa na kipande cha shaba hupakwa dawa nzito inayopitisha joto. Ile ya kwetu ilikuwa imekauka kama udongo wa mto wakati wa kiangazi. Akaifuta kwa spiriti, akaweka mpya, tone dogo tu lenye ukubwa wa punje ya mchele, na akakaza skrubu zote nne kwa zamu, kidogo kidogo, ili kipande kisilale upande. Akairudishia kila kitu, akaipa kazi ileile. Saa nzima ikapita. Feni ilikuwa inasikika kama pumzi ya mtu aliyelala.

Jambo ambalo tunapenda mlishike, ninyi mnaopenda kufungua vitu, ni kwamba katika siku ile nzima hakubadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja. Angebadilisha betri, akasafisha, akatia diski mpya kwa pamoja, mashine ingepona na tusingejua ni nini kilichoiponya. Na kesho ikiugua tena tungeanza upya kukisia. Diski ndiyo iliyongojea mpaka mwisho. Kuzimika kwa ghafla, tena na tena wakati ikiandika, hakukuwa kumeisaidia, na sehemu zake kadhaa zilikuwa hazisomeki tena. Wiki iliyofuata tulitafuta diski ya aina mpya, isiyo na sahani inayozunguka, yenye nafasi ya gigabaiti 240, na kumbukumbu ya kufanyia kazi ikaongezwa kutoka gigabaiti 4 hadi 8, kwa kipande kilichotoka katika kompyuta ya mkononi iliyovunjika kioo. Mashine hizi ndogo hutumia vipande vilevile vya kompyuta za mkononi, nalo ni jambo la kuwafaa maskini. Awali ilihitaji dakika nne kuamka. Sasa haimalizi hata Salamu Maria tatu.

Likabaki suala la programu. Mwezi huohuo, tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kutoa masahihisho ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 haikubali prosesa za zamani kama ya kwetu. Kwa kanuni hiyo mashine nzima, inayofanya kazi, ingekuwa takataka. Papa Fransisko katika waraka wa Laudato Si', mwaka 2015, alikwisha kusema juu ya utamaduni huu wa kutupa vitu, na pamoja na vitu, watu. Fundi alitutilia Linux, ambayo hailipiwi, na programu ya kuandikia inayofungua mafaili yetu ya zamani. Mzee mmoja wa halmashauri ya parokia bado analalamika kwamba vitufe si vile alivyovizoea. Tunamvumilia, naye anatuvumilia.

Diski ya zamani iko mezani petu tunapoandika. Fundi aliifungua kwa ajili yetu, kwa kuwa haiwezi kutumika tena. Ndani mna sahani inayong'aa kama kioo, na juu ya sahani kuna tabaka jembamba la sumaku ambamo maandishi hukaa. Tabaka hilo limetengenezwa kwa mchanganyiko wa madini, na mojawapo la yale makuu ni kobalti. Nchi yetu hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa sana hutoka katika udongo huu wa Lualaba tunaoukanyaga. Hatuwezi kusema kwamba punje zilizomo katika diski hii zilitoka Kolwezi, hakuna ajuaye. Lakini majina yenu ya Ubatizo yalikuwa yameandikwa juu ya kobalti, hilo ni hakika, nasi hatukuwa na habari.

Ni kwa ajili ya kobalti pia kwamba kijana wetu hakuonekana. Tulipomuuliza mwenzake mmoja, tulijibiwa kwamba anabeba magunia katika maghala ya wanunuzi wa madini, njia ya Musompo. Tusijipe ukubwa hata katika kosa letu: alikuwa na deni la karo ya shule, na baba yake hayupo. Pengine angekwenda huko hata kama tungelinyamazia jambo lile. Lakini alikuwa na Jumamosi moja katika wiki ambayo alikaa mahali pengine, akiandika majina ya watu kwa makini, na sisi ndio tuliomwondolea Jumamosi hiyo.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inaita hukumu ya haraka kosa la mtu anayekubali, hata kimoyomoyo, kwamba jirani yake ametenda vibaya bila kuwa na msingi wa kutosha. Tumeifundisha namba hiyo mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Namba 2487 tumeifundisha mara chache zaidi. Inasema kwamba kosa dhidi ya haki na ukweli linadai malipizi hata kama aliyelitenda amekwisha kusamehewa. Tulikwenda kuungama, tukasamehewa. Malipizi yakabaki.

Tulimtembelea kwao jioni. Mama yake alitupa kiti, akasema: «Karibuni, Mwalimu. Mtoto atarudi giza likiingia.» Alirudi akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Akatuamkia vizuri, kama alivyolelewa. Tulimwambia: «Mwanetu, mashine ilikuwa mgonjwa kabla yako. Wewe ulifuata karatasi yetu, nasi tulikushitaki kwa kuifuata. Tumekukosea.» Alinyamaza muda mrefu. Mwishowe akasema, bila ukali: «Mwalimu, mlisema mbele ya watu.»

Basi Jumamosi iliyofuata tulisema mbele ya watu, kama mnavyokumbuka, tukiwa tumeshika betri ile mkononi. Yeye hakuwapo. Baadhi yenu mlicheka kidogo, mkidhani ni mfano wa somo.

Alikuja baada ya majuma mawili, siku ya Alhamisi, saa ambayo si ya katekesi. Hakuketi. Aliitazama mashine ikiwa inafanya kazi, akaizima kwa utaratibu, akachomoa waya ukutani, akauliza habari za mwalimu wa kwaya, akaitazama ile karatasi. Baada ya dakika kama tano akauchomeka tena waya na kuiwasha. Saa iliyokuwa pembeni mwa kioo ilikuwa sahihi, na tarehe pia. Tulimwambia kwamba jina lake bado limo katika orodha ya Kipaimara, na kwamba hatukulifuta. Akatikisa kichwa kuonyesha kwamba amesikia.

«Feni mlisafisha?» akauliza.

Tukajibu kwamba ilisafishwa.

«Jumamosi nikipata nafasi nitakuja kuisikiliza», akasema, akachukua kofia yake, akaenda zake kazini.